Kula Wanga Kidogo: Ari Hupoa, Desturi Hubaki

 

Leo nazungumza na wewe uliyeamua kupunguza wanga. Umepunguza ugali, umepunguza wali, soda umeiacha, na chapati mmeagana. Labda ulipima sukari ukaambiwa inapanda. Labda nguo zimeanza kubana kiunoni. Labda umemuuguza mzazi mwenye kisukari, umeona dawa na vidonda, ukasema mimi nijitunze mapema. Sababu yoyote uliyo nayo ni ya heri, na niko pamoja nawe.

Lakini wengi wetu tunajua inavyokuwa. Jumatatu mtu anaanza kwa nguvu. Ananunua mboga za majani, anachemsha mayai, anawatangazia wenzake kazini kwamba wali sasa basi. Wiki ya kwanza inakwenda vizuri. Ya pili inakuwa nzito. Ya tatu, siku ya Ijumaa, ametoka kazini amechoka, amesimama kwenye daladala saa nzima, anafika nyumbani saa mbili usiku na njaa yake, anakuta hotpoti ya wali wa nazi mezani. Anapakua, anashiba. Kesho yake anajiambia hana msimamo, na safari inaishia hapo.

Ndugu yangu, usijihukumu hivyo. Uliweka mzigo wote juu ya ari, na ari haina nguvu hizo. Ari ni mgeni: anakuja kwa shangwe, analala siku chache, anaaga. Desturi ni mwenyeji: yupo asubuhi, yupo usiku, yupo siku una furaha na siku una hasira. Anayekula wanga kidogo kwa miaka anaishi na mwenyeji huyo. Kwa hiyo leo sitakuhimiza uwe na ari zaidi. Nataka tupange siku yako, saa kwa saa, ili hata ari ikiondoka sahani yako ibaki vilevile.

Kabla ya kupanga, tukubaliane juu ya wanga wenyewe. Wanga ni chakula kinachogeuka sukari mwilini: ugali, wali, mkate, viazi, mihogo, ndizi za kupika, pamoja na sukari yenyewe tunayotia kwenye chai. Katika gramu 100 za unga wa mahindi, zaidi ya gramu 70 ni wanga. Wali uliopikwa, gramu 100, una wanga kama gramu 28. Mchicha kwa uzito huohuo haufiki gramu 5, na yai moja halifiki hata gramu 1. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai.

Katika mji wa Southport, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, yupo daktari anayeitwa David Unwin. Tangu mwaka 2013 amekuwa akiwashauri wagonjwa wake wa kisukari aina ya pili kupunguza wanga. Aliona kwamba maneno ya kitaalamu hayawafikii, akatengeneza michoro inayoonyesha chakula kwa vijiko vya sukari. Kibakuli kidogo cha wali, gramu 150, kinaweza kupandisha sukari ya damu kama vijiko 10 vya sukari. Mgonjwa akiona hivyo, hahitaji mahubiri. Mwaka 2020 daktari huyo na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 128 wa kisukari aina ya pili waliofuata mlo huu kwa wastani wa miezi 23: asilimia 46 kati yao sukari yao ilitulia bila dawa. Hao ni watu waliochagua wenyewe njia hii na kuwa na daktari wa karibu, kwa hiyo tusidhani kila mtu atapata matokeo hayohayo. Hata hivyo, ni habari ya matumaini.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze wanga bila kuzungumza na daktari wako, kwa sababu dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno kwa sahani ya leo, na sukari ikashuka hadi ukaanguka. Mwenye dawa za presha pia azungumze na daktari, na mwenye ugonjwa wa figo vilevile. Mjamzito na mama anayenyonyesha wasijiingize huku wenyewe. Na watoto wanaokua waacheni na ugali wao.

Sasa turudi kwenye ile wiki ya tatu, maana huko ndiko watu wengi wanakokata tamaa.

Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli. Wataalamu huiita glaikojeni. Kwa mtu mzima akiba hiyo hufika karibu gramu 500, na kila gramu moja hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza wanga, mwili unaitumia akiba hiyo, na maji yake yanatoka kwa mkojo. Ndiyo maana siku chache za mwanzo mizani inashuka kilo mbili, na mtu anafurahi sana. Kumbe sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mafuta ya mwili yenyewe yanaondoka taratibu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Basi mtu aliyezoea kuona mizani ikishuka haraka, wiki ya tatu anaona imeganda, anadhani mlo umeacha kufanya kazi. Haujaacha. Sasa ndipo kazi yenyewe inaendelea, kwa mwendo wake wa kweli.

Maji hayo yanapotoka, chumvi nayo inatoka. Hapo kichwa kinauma, mwili unalegea, mtu anaona kizunguzungu akisimama ghafla, anasema chakula hiki hakinifai. Mara nyingi ni upungufu wa maji na chumvi. Kunywa maji ya kutosha, na kikombe cha supu yenye chumvi kiasi kitakusaidia siku hizo za mwanzo. Mwenye presha asiongeze chumvi mpaka ashauriane na daktari.

Habari hizi nazisema kwa sababu anayejua kitakachomkuta havunjiki moyo kinapomkuta.

Tena, kupunguza wanga si jambo la jana. Mwaka 1862 alikuwepo London mzee mmoja aitwaye William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza na kusimamia mazishi. Alikuwa mnene kiasi kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuweza kuinama kufunga viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Alikwisha kujaribu mengi. Alipiga makasia asubuhi, akaambulia njaa kubwa zaidi. Alikaa kwenye bafu za mvuke, bila faida ya kudumu. Masikio yalipoanza kumsumbua alimwendea daktari William Harvey, na huyo ndiye aliyemwambia aache mkate, sukari, bia, viazi, siagi na maziwa. Tarehe 26 Agosti 1862 Banting alikuwa na ratili 202, karibu kilo 92. Mwaka mmoja baadaye alikuwa na ratili 156, karibu kilo 71. Mwaka 1863 akachapisha kijitabu kuwasimulia wenzake.

Ndani ya kijitabu hicho kuna orodha ya uzito wake, ulioandikwa kila baada ya wiki kadhaa. Ratili mbili, ratili tatu, pengine moja. Hakuna mstari wa muujiza. Kuna pia maelezo ya alichokula asubuhi, mchana, jioni na usiku, karibu vilevile kila siku. Mzee yule alishinda kwa kurudia jambo dogo lilelile kwa mwaka mzima, na kuliandika.

Wapo wanaouliza: je, ni lazima iwe wanga, au nipunguze mafuta? Mwaka 2018 Profesa Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 609. Kundi moja lilipunguza wanga, la pili lilipunguza mafuta, kwa miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua kwa wastani kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3. Kitaalamu hiyo si tofauti ya kutajika. Tofauti kubwa ilikuwa ndani ya kila kundi: wapo waliopungua zaidi ya kilo 20, na wapo walioongezeka. Na waliopunguza wanga hawakulazimishwa kubaki chini kabisa. Walianza na wanga mdogo sana, kisha wakaongeza kidogo kidogo mpaka wakapata kiwango ambacho kila mmoja aliona anaweza kuishi nacho.

Kuishi nacho. Hilo ndilo la kutafuta. Kama kiwango chako ni vijiko vitatu vya wali mchana na usiku hakuna kabisa, na unaweza kukaa hivyo miaka mitano, hicho ni bora kuliko kukata kila kitu kwa wiki mbili na kurudia sahani iliyojaa.

Na je, desturi huchukua muda gani kukaa? Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, UCL, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo moja dogo la kila siku, kama kula tunda pamoja na chakula cha mchana au kunywa maji. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajiendea lenyewe. Wengine siku 18 tu. Wengine ilikadiriwa siku 254. Na waliona jambo jingine la kutupa moyo: mtu kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa desturi. Kwa hiyo ukila pilau ya harusi Jumamosi, hujapoteza chochote, ilimradi mlo unaofuata urudi kwenye mpango. Usingoje Jumatatu. Hiyo Jumatatu ndiyo imetumaliza wengi.

Sasa tuipange siku.

Tuanze usiku uliotangulia, maana asubuhi yako huandaliwa usiku. Wakati jiko bado lina moto wa chakula cha jioni, chemsha mayai manne au matano. Chambua mchicha au matembele ya kesho. Kama una friji, weka humo. Kama huna, pika mboga asubuhi, ila iwe imeshachambuliwa. Jua kesho utakula nini mchana. Hiyo ni kazi ya dakika kumi na tano, lakini inakuokoa na uamuzi wa asubuhi ukiwa na haraka, na haraka daima hununua mandazi.

Asubuhi, kunywa maji kwanza. Kisha mayai na mboga, au parachichi na samaki aliyebaki jana, au supu. Sisi tuna bahati na supu: ya kuku, ya ng'ombe, ya samaki, ya makongoro. Tatizo huwa chapati mbili zinazokaa pembeni yake. Iagize bila chapati, ukamulie ndimu, uongeze kachumbari.

Chai najua wengi hawako tayari kuiacha, na hakuna haja. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula vijiko 9 vya sukari bila kuhesabu chakula. Usiondoe vyote siku moja. Punguza nusu kijiko kila wiki. Tangawizi, mdalasini na hiliki vitakusaidia kuziba pengo. Ulimi unazoea, baada ya miezi miwili ile chai ya zamani utaiona tamu mno.

Saa nne ofisini, sinia la vitafunwa linapita. Vitumbua, sambusa, mandazi, keki za siku ya kuzaliwa ya mwenzetu. Hapo maneno ya kujizuia hayafai kitu kama tumbo ni tupu. Kuwa na chako mfukoni au kwenye droo: konzi ya karanga au korosho, au yai lako la jana. Chukua chai yako, kaa mbali kidogo na sinia, ongea na watu. Tumekuja kwenye chai ya saa nne kwa ajili ya wenzetu. Kitumbua si sharti.

Mchana kwa mama ntilie, amua kabla hujafika. Ukifika ukasimama mbele ya masufuria ukiwa na njaa, umeshachelewa. Sema mapema: "Dada, leo nipunguzie wali, niongezee mchicha na samaki." Mara ya kwanza atashangaa. Baada ya wiki mbili atakuwa anakupakulia hivyo bila kuuliza, na hapo umepata msaidizi. Anza kula mboga na samaki, wanga uwe wa mwisho; mara nyingi utajikuta umeshiba ukiwa hujaumaliza. Maharage nayo yana wanga, lakini yana protini na nyuzinyuzi nyingi. Kwa mtu asiyefuata mpango mkali, sahani ya maharage na mboga bila wali ni mlo mwema. Shida huwa kuyaweka juu ya mlima wa wali.

Nafika jioni, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mipango mingi huvunjikia hapa. Jioni umechoka, uamuzi wako umechoka, njaa ni kali, na harufu ya chakula cha wengine imejaa nyumba. Hapo usitegemee kufikiri. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuchunguza njia moja rahisi: mtu aamue mapema kwamba likitokea jambo fulani, atafanya tendo fulani. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya tafiti 94 na kuona kwamba watu wanaojiwekea kauli ya namna hiyo hutimiza malengo yao zaidi kuliko wanaosema tu "nitajitahidi".

Basi jiwekee zako. Nikiingia mlangoni, nakunywa maji glasi moja na kula yai au kipande cha samaki kabla sijakaribia hotpoti. Nikitamani kitu kitamu baada ya kula, nakunywa chai ya tangawizi bila sukari. Nikipita kwenye kibanda cha chipsi, navuka barabara upande wa pili. Nikialikwa shughuli, nakula kidogo nyumbani kabla ya kutoka. Ziandike, zibandike kwenye kabati la jikoni. Kauli tatu zinatosha kwa kuanzia.

Na chakula cha nyumba kiwe kimoja. Ukipika chako peke yako na cha wengine peke yake, utachoka mapema, au mpishi wa nyumba atachoka nawe. Mboga iwe ya wote: samaki wa kupaka, kuku, nyama ya rosti, dagaa, bamia, kisamvu, mlenda. Watoto wale na ugali wao, wewe kula na kabichi iliyokatwa nyembamba na kukaangwa kidogo, au bakuli kubwa la mchicha. Mezani mko pamoja, sufuria moja, sahani tofauti. Zungumza na mwenzi wako mapema, kwa upole, muelewane. Mtu anayekupikia akijua sababu, atakulinda. Asipojua, atadhani umekidharau chakula chake.

Hilo linatupeleka kwa watu wengine, maana sisi hatuli peke yetu. Kwetu chakula ni heshima. Ukienda ukweni ukakataa wali, unaweza kuonekana una maringo au una ugomvi. Usikatae, chagua. "Mama, mkono wako una baraka. Naomba uniongezee kuku na mboga. Wali huu kidogo unanitosha." Umekula, umeshukuru, umemheshimu mama, na mpango wako uko salama. Kwenye harusi, nyama na kachumbari zipo. Pilau vijiko viwili havikuvunji. Kwenye msiba, kula kilichopo kwa kiasi na ufariji wafiwa. Hiyo si siku ya kuhesabu wanga.

Kuna lile swali jingine: "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Swali hili limewarudisha nyuma wengi, hasa akina mama. Bado tuna fikra kwamba unene ni neema na wembamba ni maradhi au shida za nyumbani. Mtu amehangaika miezi minne, presha imetulia, magoti yameacha kuuma, halafu shangazi mmoja anamtazama kwa huruma mbele za watu. Andaa jibu lako la upole: "Shangazi, niko salama, namshukuru Mungu. Najitunza ili nikae nanyi miaka mingi." Litoe kwa tabasamu, kisha badili mazungumzo. Na sisi wengine, tuache desturi ya kuupima mwili wa mtu kwa macho na kuusemea hadharani.

Kwa ndugu zetu Waislamu, mwezi wa Ramadhani una mtihani wake. Futari zetu za pwani ni mihogo, viazi vitamu, magimbi, tambi, kaimati na uji, vyote kwa wakati mmoja. Fungua kwa tende na maji kama ilivyo sunna, kisha supu, kisha samaki au nyama na mboga, halafu chagua kimoja tu katika vile vya wanga. Daku iwe na mayai, samaki au maziwa ya mtindi, ili njaa isikuwahi mchana. Na mwenye kisukari aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Nasikia pia malalamiko kwamba chakula hiki ni cha wenye fedha. Kinakuwa cha wenye fedha ukikitafuta kwenye maduka makubwa: unga wa lozi, jibini za nje, mikate maalumu. Huhitaji hata kimoja. Nenda sokoni. Dagaa ni protini ya bei nafuu. Mayai yapo, mchicha wa fungu upo, kabichi ipo, karanga zipo, maini yapo, parachichi likiwa katika msimu linapatikana kwa bei ndogo. Piga hesabu ya soda, vitafunwa vya saa nne na chipsi za jioni ulizoziacha kwa wiki. Pesa hiyo inanunua dagaa na mayai ya kutosha.

Mwisho, jifunze kuona matunda ya kazi yako. Usipande kwenye mizani kila asubuhi, maana maji ya mwili hupanda na kushuka, na utafadhaika bure. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, uandike kwenye daftari kama alivyofanya Mzee Banting. Chukua futikamba ya fundi cherehani, pima kiuno mara moja kwa mwezi. Mwenye kisukari au presha aandike na vipimo hivyo pia. Kisha andika yasiyopimika: leo nimepanda ngazi bila kusimama, leo sikusinzia mchana, mkanda umerudi tundu moja.

Daktari Unwin niliyemtaja, na mkewe Jen Unwin ambaye ni mwanasaikolojia, huanza na mgonjwa kwa kumuuliza anatumaini nini. Baadaye wanatazama alichokwisha kuwa nacho cha kumsaidia, hatua ndogo inayofuata, na mabadiliko aliyoyaona mwenyewe. Nami nakuuliza hivyo: unatumaini nini? Kucheza na wajukuu? Kupunguziwa dawa? Kusimama ibadani bila magoti kuuma? Kiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Siku ari ikipoa, na itapoa, fungua ukurasa huo usome, kisha fanya lile dogo ulilolizoea.

Wahenga walisema mazoea hujenga tabia. Basi usijitwike desturi kumi kwa usiku mmoja. Chagua moja leo: chemsha mayai ya kesho, au punguza nusu kijiko cha sukari, au amua sasa utakachomwambia mama ntilie mchana. Ishike mpaka ikukae, kisha ongeza ya pili. Kama unatumia dawa, mpigie daktari wako kesho asubuhi kabla hujapunguza chochote. Na ukiteleza, rudi kwenye mlo unaofuata, bila lawama. Afya yako inajengwa na sahani ya leo na ya kesho, na zote mbili ziko mkononi mwako.